Wahuni Nusunusu: Mobb Deep na Albamu Iliyowafufua

Mwaka 1993 ukielekea ukingoni, vijana wawili wa New York, Havoc na Prodigy, walikuwa na miaka 19 na tayari walishaonja kufeli mbele za watu. Albamu yao ya kwanza kama Mobb Deep, Juvenile Hell, ilitoka Aprili mwaka ule ikadoda. Lebo iliyowasaini, 4th & B'way, ikawatema. Makundi mengi ya rap yaliyofikwa na hayo miaka ile hukuyasikia tena. Hawa wawili walirudi tarehe 25 Aprili 1995 na The Infamous, nyimbo na vipande 16. Ikafika nafasi ya 15 kwenye chati ya Billboard 200 na ya 3 kwenye chati ya albamu za R&B na hip hop, na mwaka uleule ikapata cheti cha dhahabu, yaani nakala 500,000 Marekani.

Nini kilibadilika kwa miaka miwili? Jibu la vijiweni ni kwamba walirudi wakiwa wagumu zaidi. Mimi silikubali. Juvenile Hell ilishajaa bastola, vitisho na makelele; ugumu haukuwa umepungua hata chembe. Ninachokisikia kwenye albamu ya pili, na nimeisikiliza tangu enzi za kanda, ni vijana walioacha kuigiza ujasiri wakaanza kutuambia wanavyoogopa. Muziki wenyewe nao ukajengwa upya ili ubebe woga huo.

Walikotoka

Havoc, jina lake Kejuan Muchita, ni mtoto wa Queensbridge, mtaa wa nyumba za umma jijini New York. Prodigy, yaani Albert Johnson, alitokea Hempstead, Long Island, na alizaliwa katika ukoo wa wanamuziki: babu yake, Budd Johnson, alikuwa mpuliza saksafoni wa jazz mwenye jina, na mama yake aliwahi kuimba na kundi la The Crystals. Walikutana Manhattan, kwenye sekondari ya sanaa iitwayo High School of Art and Design. Kwa hiyo kwenye kundi hili mmoja ni mwenyeji wa mtaa na mwingine ni mgeni aliyeupenda mtaa wa rafiki yake mpaka ukawa wake. Jambo hili huwa halisemwi, na mimi naliona ni muhimu sana. Mwenyeji huzoea. Mgeni hugutuka kila mlango unapobamizwa, na Prodigy alikuwa na masikio ya mtu anayegutuka.

Kabla ya kuwa Mobb Deep walijiita Poetical Prophets. Walikuwa wakisimama nje ya ofisi za lebo ya rap ya Def Jam na kumwomba kila msanii aliyepita asikilize kazi yao. Wengi walipita. Aliyesimama ni Q-Tip, rapa wa kundi la A Tribe Called Quest. Aliwasikiliza na kuwaingiza ndani. Mwaka 1991 jarida la The Source likawaweka kwenye safu yake ya wasanii wasio na mkataba, Unsigned Hype, iliyokuwa mikononi mwa Matty C. Nawataja hawa wawili mapema kwa sababu wote wanarudi baadaye, na bila wao kisa hiki kisingekuwepo.

Juvenile Hell haikukosa maprodyuza wazito. DJ Premier alikuwemo, Large Professor alikuwemo. Lakini ukiisikiliza leo unasikia vijana wa miaka 18 wanaopaza sauti ili waonekane wakubwa, juu ya biti ambazo kila moja ina tabia ya mtu mwingine. Hakuna kinachokuambia umeingia nyumbani kwao.

Kisha Aprili 1994 rapa Nas akatoa Illmatic. Nas ni wa Queensbridge, maghorofa yaleyale, na alikuwa amewazidi umri kidogo tu. Hebu fikiria: umefeli, na jirani yako ametoa albamu ya kwanza ambayo mji mzima unaiita kazi bora. Havoc na Prodigy hawakuficha kwamba Illmatic iliwasukuma. Iliwaonyesha kwamba mtaa wao unaweza kusimuliwa kwa sauti ya chini na bado watu wakasikiliza.

Mtaa wenyewe

Queensbridge ni mradi wa nyumba za umma ulioko Long Island City, karibu kabisa na daraja la Queensboro. Ulifunguliwa 1939. Ni majengo 96 ya ghorofa sita, fleti zaidi ya 3,100, mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake Marekani ya Kaskazini. Majengo yana umbo la herufi Y, kwa hiyo kila ua una kona, na kila kona ina mtu. Ili kubana gharama, lifti ziliwekwa zisimame ghorofa ya kwanza, ya tatu na ya tano tu. Anayekaa ya nne lazima amalizie kwa ngazi. Wimbo wa kwanza wa The Infamous unautaja upande wao kwa namba, 41st Side, eneo la barabara ya 41st Avenue, na kwa watu wa pale namba hiyo inatosha kukueleza wewe ni nani.

Kimuziki, pale palikuwa na historia kubwa: Marley Marl, MC Shan na Roxanne Shanté, wa kundi la rap la Juice Crew. Miaka ya 1986 na 1987 ndipo lilipotokea lile bifu la Queensbridge na South Bronx ya rapa KRS-One, na watu wengi wanaona Queensbridge walishindwa. Katikati ya hayo ikaingia kokeini ya kuvuta. Mwaka 1990 New York ilirekodi mauaji zaidi ya 2,200, idadi ambayo mji huo haujawahi kuifikia kabla wala baada. Havoc na Prodigy walitimiza miaka 16 mwaka huo. Mtu asiyeiweka picha hii kichwani atadhani kwenye albamu hii wanatia chumvi.

Nafasi ya pili

Matty C, yule wa safu ya The Source, alikuwa ameingia kazini Loud Records ya Steve Rifkind, pamoja na Schott Free. Loud walikuwa wamefanikiwa na kundi la Wu-Tang Clan mwishoni mwa 1993, kwa hiyo walijua kwamba muziki wenye vumbi, usiopakwa rangi, unauzika. Mtu aliyewaandika walipokuwa hawana lebo ndiye aliyewapokea walipotemwa na lebo. Kwenye biashara ya muziki huo ni uaminifu wa nadra, na nauheshimu.

Uamuzi mkubwa ulikuwa kuwaacha wajitengenezee midundo. Hawakuletewa orodha ya maprodyuza wenye majina. Isipokuwa biti chache, nyingi kati ya hizo zikiwa na mkono wa Q-Tip, kazi ilibaki ndani ya kundi, na Havoc ndiye aliyebeba mzigo. Hakuwa prodyuza aliyebobea. Prodigy ndiye aliyemwonyesha mambo ya mwanzo kwenye mashine, kisha mwanafunzi akampita mwalimu. Sehemu ya kazi ilifanyika Queensbridge, nyumbani kwa mama yake Havoc, kabla ya kwenda studio. Unaisikia hiyo. Biti za The Infamous ni za mtu aliyekaa chumbani usiku, dirisha wazi, anafanya kazi kwa sauti ya chini asije akawaamsha walio chumba cha pili.

Wimbo mmoja, kwa karibu

Tuchukue "Shook Ones Pt. II", wimbo ulioitangulia albamu kama singo mapema 1995. Kulikuwa na sehemu ya kwanza mwaka 1994, iliyosambazwa kwa ajili ya matangazo. Ni nzuri, lakini hawakuridhika, wakauandika upya kwa biti nyingine. Havoc mwenyewe amesimulia kwamba hiyo biti nyingine nusura aifute. Waliokuwepo ndio walioinusuru.

Hiyo biti imejengwa kwa kusampo, yaani kukata vipande vya santuri za zamani na kuvipanga upya. Ngoma zimetoka kwenye "Dirty Feet" ya Daly-Wilson Big Band, bendi ya Australia. Mlio ule unaopita juu kama king'ora cha mbali umetoka kwa Quincy Jones. Halafu kuna piano. Siyo piano ya mtu aliyekaa akapiga wimbo; ni noti chache zilizokatwa, zikavutwa polepole, zikashushwa na kupandishwa mpaka zikatoa tuni ambayo mpigaji wa asili hakuwahi kuipiga. Inasikika kama piano iliyoachwa chini ya maji. Haina furaha na haina hasira. Inasubiri tu.

Juu yake anaingia Prodigy. Hapigi kelele hata mara moja. Anaongea kama mtu aliyekaa karibu yako kwenye ngazi na hataki wa juu wasikie, na vitisho anavyovitoa ni vya kinyama kabisa. Utulivu wake ndio unaoutia ubaridi uti wa mgongo. Humo humo anasema ana miaka 19 ingawa akili yake imeshazeeka. Msanii wa Juvenile Hell asingeutoa mstari huo, kwa sababu ni mstari wa mtu aliyechoka.

Kibwagizo ndicho watu wengi wanachokishika: hakuna kitu kinachoitwa mhuni nusunusu. Neno lenyewe la jina la wimbo, "shook", ni la mtaani kwao kwa mtu aliyeingiwa na mchecheto, aliyetishika mpaka mwili unamsaliti. Wanamwimba mtu huyo kwa kumcheka, nakubali. Lakini angalia wanavyomjua! Wanajua macho yake yanavyohama, wanajua moyo unavyomwenda mbio, wanajua anavyojitutumua kuficha. Hakuna anayeujua woga kwa undani hivyo kwa kuutazama tu kwa mwenzake.

Woga ndiyo nyumba nzima

Ukishausikia huo woga huwezi tena kuacha kuusikia. "Trife Life" inaanza na simu ya msichana. Kwa kundi lingine lolote la 1995 huo ungekuwa wimbo wa mapenzi au wa majigambo. Hapa kijana anakata shauri asiende peke yake, anawakusanya wenzake, anapanda treni, na njia nzima anajiuliza kama ameitiwa mtego. Kumtembelea mtu mtaa wa pili kunahitaji hesabu za kivita.

"Up North Trip" ni jela, zile jela za kaskazini mwa jimbo la New York ambako vijana wa mjini walipelekwa. "Survival of the Fittest" inazungumzia mtaa kama uwanja wa vita usio na mwisho wala likizo. Na "Temperature's Rising", ambao kwangu ndio moyo wa albamu, ni maneno kwa kaka yake Havoc aliyekuwa anatafutwa na polisi kwa kesi ya mauaji. Hebu usikilize wimbo huu kama barua. Wanamwambia ajikaze popote alipo, wanamtahadharisha na simu, wanamweleza nani wa kumwamini na nani amebadilika. Crystal Johnson anaimba kiitikio kwa sauti laini mno, na ulaini huo unaumiza kuliko bunduki zote za albamu. Humo hamna majigambo. Kuna mdogo mtu anayemwogopea kaka yake.

Wageni waliokaribishwa walichaguliwa vizuri. Nas na Raekwon wako kwenye "Eye for a Eye", Raekwon tena na Ghostface Killah, mwenzake wa Wu-Tang, kwenye "Right Back at You". Big Noyd, kijana wa hapohapo Queensbridge, hakuwa na jina, na mistari yake ilimpatia mkataba wake mwenyewe.

Mkubwa aliyejua mipaka yake

Q-Tip anastahili aya zake. Alikuwa nyota, kundi lake lilijulikana kwa muziki wa furaha na jazz, na angeweza kabisa kuigeuza The Infamous iwe albamu yake. Aliandikwa kwa jina la The Abstract, akahusika kutengeneza "Give Up the Goods", "Temperature's Rising" na "Drink Away the Pain", na akasaidia kwenye miksi. Ngoma za albamu hii zina kifua, snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inakugonga ipasavyo wakati vingine vyote vimezama kwenye ukungu, na sifa kubwa ya hilo naipeleka kwake. Alichokileta ni ufundi. Giza aliliacha kama alivyolikuta.

Kwenye "Drink Away the Pain" Prodigy anaizungumzia pombe kama mwanamke aliyempenda na kumharibia maisha, na Q-Tip anakuja na ubeti ambao majina ya nguo za kifahari yamegeuzwa kuwa wahusika wa kisa cha uhalifu. Wapo wanaouona ubeti ule kama mzaha uliopotea njia. Mimi nadhani umekaa mahali pake: baada ya nyimbo nyingi za kubanwa kifua, mtu anafungua dirisha kidogo.

Palipolegea

Kupenda albamu hakunizuii kuona kasoro. Ile hotuba ya Prodigy mwanzoni, akiwananga marapa wanaoimba mambo ya anga za juu badala ya maisha halisi, ilimletea bifu lisilo na maana na haikuongeza chochote kwenye albamu. Wanawake, ukimwondoa Crystal Johnson na sauti yake, wako humu kama mitego au vyombo. Na wapo wazazi waliosema, na bado wanasema, kwamba muziki huu unafundisha watoto kuua. Sina haki ya kuwadharau. Ninachoweza kuwajibu ni kile masikio yangu yananiambia: sijawahi kuisikiliza albamu hii nikatamani kuishi ndani yake. Zipo albamu za wakati ule, hasa za pwani ya magharibi ya Marekani baada ya The Chronic ya Dr. Dre, zilizoupamba uhuni kwa jua na magari na pati. The Infamous haina jua. Hata wimbo wa mwisho, unaoitwa "Party Over", unakwenda kwenye sherehe ukiwa umejihami.

Nakala yangu ya kwanza ilikuwa kanda ya dakika 90 iliyorekodiwa juu ya kanda nyingine. Albamu ina kama dakika 67, kwa hiyo upande B ulipoishiwa na Mobb Deep, ilikatika ghafla na kuibuka taarabu iliyokuwepo kabla, katikati ya ubeti, vinanda na kila kitu. Kwa muda mrefu nilidhani ndivyo albamu inavyomalizika kwa kila mtu. Mpaka leo "Party Over" ikiisha, masikio yangu yanasubiri fidla.

Maumivu ya Prodigy

Kuna jambo moja ambalo wasikilizaji wa kwetu wanapaswa kulijua kuliko wengine wote. Prodigy alizaliwa na selimundu, siko seli kama wengi wanavyoiita. Nchi zetu zinaujua ugonjwa huu nyumba kwa nyumba. Nani hana ndugu, mwanafunzi mwenzake au jirani aliyelazwa kwa maumivu ya mifupa usiku wa manane? Prodigy aliishi na maumivu hayo tangu utotoni, akiingia na kutoka hospitali. Kwenye The Infamous hakuyaimba waziwazi. Aliyaimba baadaye, mwaka 2000, kwenye albamu yake binafsi. Lakini ile sauti isiyopanda wala kushuka, inayoongelea kifo kama mtu anavyoongelea mvua, nadhani imetoka huko. Mtoto aliyelala kitandani akisubiri maumivu yapite hujifunza mapema kutopoteza pumzi.

Mwaka 1996, vita vya maneno kati ya marapa wa pwani ya mashariki na ya magharibi vilipochacha, 2Pac aliufanyia dhihaka ugonjwa huo kwenye "Hit 'Em Up". Nampenda 2Pac, ila pale alikosea, na umaarufu wa wimbo ule haujaupunguza ubaya wake. Prodigy alifariki tarehe 20 Juni 2017 mjini Las Vegas, akiwa na miaka 42. Alikuwa amelazwa kwa matatizo ya selimundu baada ya kutumbuiza kwenye ziara.

Piano ile

Nirudi kwenye biti ya "Shook Ones Pt. II". Kwa miaka 16 hakuna msikilizaji aliyejua piano ile ilitoka wapi. Watu wanaokusanya santuri, watu ambao kazi yao ni kuzitambua sampuli, walishindwa. Mwaka 2011 hatimaye ikafahamika: ni "Jessica" ya mpiga piano wa jazz Herbie Hancock, kutoka albamu yake Fat Albert Rotunda ya 1969.

Nikautafuta nikausikiliza. Ni wimbo wa taratibu, mzuri, wa jioni, hauna hatari yoyote ndani yake. Unausikiliza ukiwa umetega masikio, na noti zile zinapita haraka kiasi kwamba mara ya kwanza zilinipita. Nikarudisha nyuma. Zinagongwa kwa upole, zinaondoka, na wimbo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.